Jinsi ya kupunguza makaratasi kwenye utafiti unaolipiwa na serikali: mwongozo kamili

Mtafiti akipata ruzuku ya serikali anakuwa na kazi mbili: kufanya utafiti, na kuthibitisha kwamba anaufanya. Kazi hiyo ya pili haina kawaida ya kupungua. Nchini Marekani, watafiti wakuu wa miradi inayolipiwa na serikali kuu waliulizwa mwaka 2005 muda wao wa utafiti unaishia wapi. Ikaonekana asilimia 42 inakwenda kwenye maombi, vibali, ripoti na usimamizi, si kwenye sayansi yenyewe. Walipoulizwa tena mwaka 2012 jibu likawa lilelile, na mwaka 2018 likapanda hadi asilimia 44. Si kwamba watu walikaa kimya miaka yote hiyo. Bodi ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo ilitoa ripoti nzima kuhusu tatizo hili mwaka 2014, kanuni za ruzuku zikaandikwa upya, na Bunge likapitisha sheria mwaka 2016 iliyoagiza mzigo upunguzwe.

Kwa maoni yangu, juhudi nyingi hukwama kwa sababu zinaanzia mbali. Kila mtu anaisubiri serikali ikate masharti, ilhali sehemu isiyo ndogo ya makaratasi yanayoitwa "ya serikali" ilibuniwa na taasisi yenyewe, kwa hofu au kwa mazoea. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia ndani. Umeandikwa kwa ajili ya mkuu wa idara, ofisi ya utafiti ya chuo au taasisi, na pia ofisa wa shirika linalotoa ruzuku, maana kuna hatua ambazo ni yeye tu anayeweza kuzichukua.

Hatua ya 1: Fuata mradi mmoja tangu andiko hadi ripoti ya mwisho

Usianze na dodoso. Ukiwauliza watafiti kinachowakera, watakutajia kilichowakera wiki iliyopita. Chukua mradi mmoja uliokwisha kufungwa, wa ukubwa wa kati, kisha kusanya kila karatasi na kila barua pepe ya kiutawala iliyouhusu: andiko, bajeti, barua za uthibitisho, vibali, maombi ya ununuzi, masurufu na marejesho yake, karatasi za mahudhurio, ripoti za robo mwaka, ukaguzi.

Kwenye lahajedwali, kila hati iwe na mstari wake. Andika nani aliijaza na kwa muda gani, ilipita kwa nani kupata saini, ilikaa siku ngapi kwenye kila meza, na mwisho nani aliisoma baada ya kukamilika. Muda wa kufanya kazi na muda wa kusubiri usiuchanganye, maana dawa zake ni tofauti. Fomu inayochukua saa tano kujaza inahitaji kupunguziwa maswali. Fomu inayojazwa kwa dakika kumi kisha ikalala wiki tatu ikingoja saini inahitaji kupunguziwa watia saini, na ukiifupisha hutakuwa umefanya kitu.

Safu ya "nani aliisoma" ndiyo itakayokushangaza. Utakuta hati zilizopitia mikono ya watu wanne, wote wakatia saini, na hakuna hata mmoja aliyeamua jambo kwa kuzitumia. Hizo ziwekee alama, tutazirudia.

Hatua ya 2: Kila hitaji lioneshe lilikotoka

Sasa chukua orodha hiyo na kwa kila hitaji uliza: limeandikwa wapi? Majibu yanayokubalika ni manne tu. Kuna sheria ya nchi, kuna masharti ya mfadhili, kuna kanuni ya taasisi, na kuna mazoea. Dai namba ya kifungu. "Ndivyo inavyotakiwa" si chanzo. "Mkaguzi atauliza" pia si chanzo, ingawa ndilo jibu utakalolisikia mara nyingi zaidi. Mwendee mkaguzi mwenyewe umuulize anachohitaji kuona. Mara nyingi anataka ushahidi kwamba kuna udhibiti unaofanya kazi, na ushahidi huo waweza kuwa rekodi ambayo tayari unayo.

Inafaa kuelewa kwa nini taasisi hujiongezea masharti, la sivyo utawaona maofisa wake kama wakaidi bure. Ofisa anayepitisha malipo yenye kasoro huandikiwa barua ya kujieleza. Ofisa anayechelewesha malipo halali kwa miezi miwili haandikiwi chochote. Ukiwa kwenye kiti chake nawe ungeongeza saini. Hoja moja ya ukaguzi kuhusu mradi mmoja huzaa fomu ya miradi yote, na fomu hiyo huendelea kuishi baada ya aliyeibuni kustaafu.

Mfano ulio wazi ni wa kuthibitisha muda wa kazi. Kwa miaka mingi vyuo vya Marekani viliwataka watafiti wajaze fomu za kueleza ni asilimia ngapi ya kazi yao imekwenda kwenye kila ruzuku. Kanuni mpya za ruzuku zilizoanza kutumika Desemba 2014 ziliacha kulazimisha namna hiyo ya uthibitisho. Zilichotaka ni rekodi sahihi za mishahara zinazolindwa na udhibiti wa ndani. Pamoja na hayo vyuo vingi viliendelea na fomu zilezile, kwa sababu kuziacha kulihitaji mtu wa kutia saini kwamba udhibiti wa ndani unatosha. Sheria ililegea, hofu ikabaki palepale.

Ukimaliza hatua hii utakuwa na mafungu manne. La mazoea unaweza kulifuta wewe mwenyewe. La kanuni za taasisi linahitaji uamuzi wa menejimenti au baraza. Mafungu mawili yaliyobaki yatakupa hoja za kwenda nazo kwa mfadhili, ukiwa na namba za vifungu na saa zilizopotea badala ya malalamiko.

Hatua ya 3: Maombi ya ruzuku

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo muda mwingi unapomwagika bila mtu kuuona. Australia walipiga hesabu hiyo kwa mwaka 2012. Maombi zaidi ya 3,700 yalipelekwa kwenye baraza la taifa la utafiti wa afya. Andiko jipya lilichukua wastani wa siku 38 za kazi. Ukijumlisha, watafiti wa nchi nzima walitumia kiasi cha miaka 550 ya kazi kwa duru moja tu, na yaliyofadhiliwa yalikuwa asilimia 21. Maana yake takriban nne kwa tano ya jasho hilo halikuzaa mradi wowote.

Kwa mfadhili, kanuni ya kwanza ni kuuliza mwanzoni yale tu yatakayoamua nani apite. Kibali cha maadili, barua za washirika, mchanganuo wa bajeti mstari kwa mstari na orodha ya ruzuku nyingine za mwombaji vyote vinaweza kungoja hadi ijulikane nani yuko karibu kufadhiliwa. NIH, taasisi kuu ya Marekani ya utafiti wa afya, huomba sehemu ya nyaraka hizi kwa walio karibu kushinda tu. Tangu 1999, miradi yake isiyozidi dola 250,000 za gharama za moja kwa moja kwa mwaka huombewa fedha kwa mafungu ya dola 25,000, bila kueleza bei ya kila chupa ya kemikali. Na kweli, bajeti ya miaka mitano inayotaja bei za vifaa hadi senti ni ubunifu wa kifasihi. Kila anayeiandika anajua hivyo, na anayeipokea anajua.

Kufupisha andiko nako kunasaidia, ila si kwa kiwango ambacho watu hutarajia. NIH ilishusha kikomo cha maelezo ya utafiti katika ruzuku yake kuu kutoka kurasa 25 hadi 12 mwaka 2010. Msomaji alipumua. Mwandishi hakupumua sana, kwa sababu kuibana hoja ni kazi kuliko kuimwaga. Kinachomwokolea mwandishi muda ni kuondolewa viambatisho.

Jambo lisilotarajiwa ni nguvu ya tarehe ya mwisho. Kitengo cha sayansi ya dunia cha NSF, shirika la Marekani linalofadhili sayansi ya msingi, kilipofuta tarehe za mwisho kwenye baadhi ya programu zake na kuwaruhusu watu kuleta maombi wakati wowote, idadi ya maombi ilianguka kwa zaidi ya nusu. Tarehe ya mwisho humfanya mtu alete wazo bichi kwa kuogopa kukosa mwaka. Ikiondolewa, wengi husubiri wazo liive, na wengine hugundua kwamba halitaiva.

Ipo pia njia ya kura ya bahati. New Zealand ilianza kuitumia mwaka 2013 kwa ruzuku ndogo za mawazo mapya ya utafiti wa afya, na Uswisi tangu 2021 huruhusu kura pale ambapo maombi yamelingana kiasi kwamba wataalamu hawawezi kuyatenganisha kwa haki. Mimi naiunga mkono kwa sharti moja: fomu iwe fupi. Kuandika kurasa hamsini ili jina lako liingie kwenye kapu ni dhihaka.

Kwa upande wa taasisi, kazi kubwa ni kuwa na ghala la maandishi yaliyokwisha kuidhinishwa: maelezo ya maabara na vifaa, viwango vya mishahara na posho, mpango wa kutunza data, sera za jinsia na usalama, nakala za usajili. Yasasishwe mara moja kwa mwaka na mtu mmoja anayejulikana. Mtafiti anayetafuta namba ya usajili wa taasisi saa sita usiku kabla ya mfumo kufungwa hafanyi kazi ya kisayansi. Wasifu nao usiandikwe upya kwa kila mfadhili. Kitambulisho cha ORCID, namba ya kudumu inayomtambulisha mtafiti popote, kilichoanza kutolewa 2012, hakilipiwi na mtafiti, na mifumo mingi ya maombi inaweza kuvuta machapisho kutoka humo.

Hatua ya 4: Vibali vya maadili

Tatizo hapa ni kupima kila kitu kwa kipimo kimoja. Dodoso la walimu kuhusu vitabu vya kiada na jaribio la dawa mpya kwa wagonjwa havistahili fomu moja. Weka njia tatu. Tafiti zisizo na hatari zithibitishwe na ofisi ndani ya siku chache bila kikao. Zenye hatari ndogo zisomwe na wajumbe mmoja au wawili. Zenye hatari halisi ndizo ziende kwenye kikao kamili, na zipewe muda wa kutosha ambao leo unaliwa na madodoso.

Halafu angalia sharti la kuhuisha kibali kila mwaka. Kanuni za Marekani za kulinda washiriki wa utafiti, zilizorekebishwa na kuanza kutumika kwa ujumla Januari 2019, ziliondoa uhuishaji huo kwa tafiti nyingi za hatari ndogo. Ulinzi wa msingi haukuguswa: mtafiti bado anatakiwa kuripoti madhara na kuomba ruhusa kabla ya kubadili itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioidhinishwa.

Kwa mradi wenye vituo vingi, kamati moja isome kwa niaba ya wote. Marekani ililifanya hili kuwa la lazima kwa tafiti nyingi za ushirikiano kuanzia Januari 2020. Lakini jihadhari na jambo moja: kamati moja haileti nafuu ikiwa kila kituo kinaendelea kusoma itifaki nzima upya "kwa ajili ya kumbukumbu", au ikiwa mkataba wa kukubali uamuzi wa kamati hiyo unajadiliwa upya kwa kila mradi. Sainini mkataba wa jumla mapema, kabla mradi haujazaliwa. Na kituo kibakie na maswali ya kwake tu: lugha ya fomu ya ridhaa, mazingira ya wagonjwa wake, sheria za mahali pake.

Hatua ya 5: Fedha na ununuzi

Kila taasisi ina kiwango cha fedha ambacho chini yake unaweza kununua bila kukusanya bei za wazabuni kadhaa. Kitafute, kisha uulize kiliwekwa lini. Kiwango kisichobadilishwa kwa miaka kumi kimekuwa kikishuka kimyakimya kwa mfumuko wa bei, na manunuzi yaliyokuwa madogo sasa yanapita njia ya makubwa. Kwa ruzuku za Marekani kiwango hicho kilipandishwa hadi dola 10,000 mwaka 2018, na marekebisho ya 2020 yakaruhusu taasisi yenye rekodi safi ya ukaguzi kujithibitishia kiwango cha hadi dola 50,000. Napenda mantiki hiyo: uhuru unafuata rekodi.

Ukitaka kumshawishi mkuu wa fedha, mpelekee hesabu, siyo hotuba. Tafuta ni saa ngapi za watu wangapi hutumika kukusanya bei tatu, zidisha kwa gharama ya saa zao, kisha linganisha na kiasi kilichookolewa kwa kuchagua bei ya chini. Kwa vitu vidogo mizani itakuonesha yenyewe.

Lipo na suala la kuomba ruhusa kwa kila badiliko. Mwaka 1986 mashirika matano ya serikali ya Marekani yalifanya jaribio na vyuo vya jimbo la Florida: taasisi iachiwe kuamua yenyewe mambo yaliyokuwa yakihitaji barua ya mfadhili. Katika utaratibu uliotokana na hapo, taasisi inaweza kurefusha mradi mara moja kwa hadi miezi 12 bila fedha za ziada, kuhamishia mwaka unaofuata salio ambalo halijatumika, na kuanza kutumia fedha zake siku 90 kabla ya ruzuku kuanza, kwa hatari yake yenyewe. Jaribio hilo likakua na kuwa ubia wa kudumu kati ya mashirika ya serikali na taasisi za utafiti, na madaraka hayo leo ni ya kawaida katika ruzuku nyingi za nchi hiyo. Ukiwa mfadhili, anza na hayo matatu. Yana nafuu kubwa na hatari ndogo kuliko karibu chochote kingine kilichotajwa hapa.

Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi kwa malipo ya mkupuo, ulioyajaribu tangu 2018 na kuyapanua katika programu yake ya utafiti ya sasa. Mradi hugawanywa katika vifurushi vya kazi, kila kifurushi kina bei, na kikikamilika kinalipwa bila kudai risiti wala karatasi za saa. Unaoondoka ni uhasibu wa kuripoti kwa mfadhili. Unaoingia ni uzito wa kugawa vifurushi vizuri, maana kisichokamilika hakilipwi kikamilifu. Gawa vifurushi virefu kwa vipindi, na usifungamanishe malipo na matokeo ambayo hayako mikononi mwa mtafiti, kama vile jarida kukubali makala.

Hatua ya 6: Ripoti

Ripoti moja, muundo mmoja, tarehe moja kwa mwaka. Ripoti ya fedha na ya kisayansi zikitakiwa tarehe tofauti, mradi mmoja unageuka miwili. Machapisho na data vyenye vitambulisho vya kudumu vivutwe na mfumo, visiandikwe tena kwa mkono. Na hapa zirudie zile hati ulizoziwekea alama kwenye hatua ya kwanza: kwa kila ripoti isiyo na msomaji, mwandikie anayeidai umuulize uamuzi gani utabadilika isipoletwa. Jibu lisipokuja ndani ya muda mliokubaliana, una haki ya kupendekeza ifutwe.

Hatua ya 7: Taasisi washirika

Kwa taasisi mnazogawana nazo ruzuku, msitumiane dodoso la kurasa ishirini kila mkataba mkiulizana majina ya wakurugenzi na matokeo ya ukaguzi. Kila mmoja aweke wasifu wake mahali pamoja panaposomeka na wote, ausasishe kila mwaka. Mkataba nao uwe wa kiolezo kimoja, wanasheria wabishane juu yake mara moja.

Hatua ya 8: Tahadhari na mifumo ya kompyuta, ajiri mtu

Mfumo mpya huuzwa kwa ahadi ya kupunguza kazi. Mara nyingi huihamisha. Zamani mhasibu alichapa hati ya malipo, leo profesa anaichapa mwenyewe, anapambana na nywila na namba za mafungu ya bajeti asizozielewa, anakosea, na mhasibu anairudisha. Kwenye taarifa ya ofisi ya fedha hiyo inaonekana kama ufanisi. Kabla ya kununua mfumo wowote, uliza ni nani atakayeingiza data, na alikuwa akifanya nini saa hiyo kabla.

Fedha hizo mara nyingi zingefanya kazi zaidi kwa kuajiri msimamizi wa miradi mmoja kwa idara kadhaa, mtu anayejua masharti ya wafadhili, anayeandaa nyaraka na kumpelekea mtafiti kilicho tayari kuhakikiwa. Mfadhili anayekataza gharama hiyo kwenye ruzuku kwa kuiona ni "utawala" anailipa hata hivyo, kwa kiwango cha mshahara wa mtafiti.

Kuna vitu usivyopaswa kugusa. Ulinzi wa washiriki na wanyama, utenganisho kati ya anayeidhinisha malipo na anayelipa, tamko la mgongano wa maslahi, na utunzaji wa data ghafi. Njia ya kuvifikia waweza kuifupisha, kwa mfano tamko moja la mwaka badala ya moja kwa kila ombi, lakini vyenyewe vibaki.

Hatua ya 9: Zuia fomu zisiote tena

Tangu 1980 Marekani ina sheria inayolitaka shirika la serikali kuu lipate idhini kabla ya kukusanya taarifa zilezile kutoka kwa watu kumi au zaidi. Fomu hupewa namba, makisio ya muda wa kuijaza, na tarehe ya kuisha isiyozidi miaka mitatu. Wazo ni zuri, ila lina tundu. Makisio ya dakika huandikwa na shirika lenyewe linaloitaka fomu, na fomu nyingi huhuishwa kama jambo la kawaida.

Iga wazo, ziba tundu. Anzisha rejista ya fomu za utafiti katika taasisi yako. Kila fomu iwe na mwenyewe anayetajwa kwa cheo, kifungu kinachoidai, muda wa kuijaza uliopimwa na watu wanaoijaza, na tarehe ya kuisha. Anayetaka fomu mpya ataje ipi ya zamani inaondoka. Fomu ambayo tarehe yake imefika na mwenyewe hajaja kuitetea, itoe kwenye mfumo siku hiyohiyo. Kama kuna anayeihitaji, atapiga simu.